Chupa ya Watoto Kumi

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Itikeni kwa nguvu, kwa sababu maneno yangu ya leo si matamu, na mutu wa kwanza yatakayemuchoma ni mimi mwenyewe.

Wengi munanijua. Mimi ni Mama Ruti wa Kikula, ninayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Kama munangoja nisimulie pepo lililotoka likipiga kelele, sina. Mimi Bwana alinifungua kutoka katika kinywa changu.

Mutoto wangu Ruti alikuwa na miezi tisa. Hali ya muji munaijua, siwaelezi. Bwana zetu wanakwenda kiwandani na kurudi mikono mitupu. Hospitali zimebaki kuta. Unakwenda kuzaa na uzi wako, na mushumaa wako, na maji yako ndani ya ndoo. Nilikuwa na hasira na kila kitu chenye harufu ya serikali. Nilikuwa nikisema: watu walioshindwa kutupa chumvi, kwa nini leo watupe chanjo ya bure? Hasira yangu ilikuwa na haki. Akili yangu ndiyo haikuwa.

Mama mukwe wangu naye alikuwa akitufundisha kama alivyofundishwa: surua inapashwa kutoka yote kwenye ngozi. Ukimuchoma mutoto shindano ya chanjo, unaifungia ndani, inakula moyo. Afazali mutoto aipate mapema, itoke, akomae. Simulaumu. Yeye hakukaa shuleni.

Mimi nilikaa! Nilimaliza sekondari, ndugu zangu. Nilichora mikroba ubaoni na kupata pointi nzuri. Nilijua. Lakini kwenye robine ya maji, pale tunapopanga ndoo asubuhi, nilitaka kuwa mutu. Nikayachukua maneno ya mama mukwe, nikayatia Kifaransa juu, nikawaambia wamama: shindano inafungia surua ndani, mimi nimesoma.

Asubuhi hiyo jirani yangu Mama Kabwe alikuwa amemubeba mutoto wake Kabwe mugongoni, yuko njiani kwenda kumuchanjisha. Alisimama kunisikiliza. Halafu akasema, «Kama Mama Ruti mwenye kusoma anasema vile, minye ni nani?» Akafungua kikwembe, akamushusha mutoto, akarudi nyumbani.

Wakati wa baridi surua ikaingia Kikula. Katika avenue yetu ilianza na Kabwe.

Munafikiri nilitubu? Hapana! Mama mukwe alisema sasa ndiyo nafasi: mupeleke Ruti alale na Kabwe kwenye mukeka mumoja, imushike haraka, iishe. Nikamuogesha mutoto wangu. Nikamuvalisha. Nikaomba hata, «Yesu, itoke yote.» Nikaenda.

Sikufika kupiga hodi. Mama Kabwe alinitokea, akatandaza mikono yote miwili mulangoni.

«Unaenda wapi na ule mutoto?»

«Nilimuleta alale kidogo na Kabwe. Surua imutoke mapema.»

«Weye iko na kichwa kweli? Kabwe hana ata nguvu ya kulia, na weye unaleta wako? Peleka mutoto kwa shindano! Toka, Mama Ruti. Toka mbele nikupige!»

Hakusema, «Ni weye uliniambia.» Haki ya kusema hivyo alikuwa nayo yote, na barabara nzima ingemusikia. Hakusema. Nimelifikiria jambo hilo usiku na mchana. Kuna watu wanaosikia sauti ya Mungu katika ndoto. Mimi niliisikia Kikula, katika matusi ya mwanamuke aliyekuwa hajalala siku tatu.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya chanjo. Nilikimbia mupaka kituo cha afya. Benchi tupu! Infirmier, muuguzi wa kituo, amekaa peke yake, kisanduku cha barafu juu ya magoti. Friji yao ilikuwa imekufa kwa ajili ya kuria, umeme wetu unaokatika kila siku. Barafu aliiomba kwa muuza samaki, akaileta kwa kinga, baiskeli yake. Nikamunyooshea Ruti. Akatikisa kichwa.

«Mama, chupa moya ni ya batoto kumi. Nikiichanganya na maji yake, inapashwa kwisha leo. Siwezi kuifungua juu ya mutoto mumoja.»

«Na bengine bako wapi, papa?»

«Unaniuliza minye? Kuko mama moya alisoma, njo anabakatazaka kwenye robine.»

Hakunijua! Alisema hivyo akinitazama machoni, na mutoto wangu mikononi mwangu.

«Nileteye ata sita,» akasema, «mbele ya barafu kuyeyuka.»

Ndugu zangu, hapo ndipo niliona kazi ya kinywa changu. Mulango wa chanjo niliufunga mimi, sasa mutoto wangu amebaki nje.

Nikaenda kwenye robine. Nikawaambia wamama mbele ya ndoo zao: nilichosema kilikuwa uongo, leteni watoto. Walicheka!

«Eh, Mama Ruti! Juzi shindano inafunga, leo inafungua? Ile masomo yako iko na vinywa ngapi?»

«Mwache,» mwingine akasema, «watu wa chanjo wamemupa sabuni.»

Walicheka mupaka maji yakamwagika kwenye ndoo. Siku nyingine ningepigana, munanijua. Siku hiyo nilisimama tu, nikasema tena. Na tena. Wawili wakanihurumia, wakaenda kuchukua watoto.

Tukawa na watatu pamoja na Ruti. Nikakumbuka kwamba wamama wa chumba chetu cha maombi wamefunga kula, wako nyumbani kwa Mama Esta, kiongozi wetu, wanaomba surua itoke Kikula. Niliingia na viatu vyangu, nikakata maombi katikati. Nikaeleza yote, na Kabwe, na robine, na chupa.

Mama Esta hacheki na mutu. Akauliza, «Mama Ruti, ulisema uongo?»

«Nilisema uongo, mama. Ili munione.»

Nilifikiri atanifukuza.

«Wanahitajika wangapi?»

«Sita. Tuko na watatu.»

Akainama, akamunyanyua mujukuu wake aliyekuwa amelala kwenye kiti, akajifunga kikwembe. «Simameni,» akawaambia wamama. «Amina tutaisemea njiani.»

Tulifika na watoto tisa. Infirmier akatutazama, akatazama barafu yake, akafungua chupa. Ruti alilia. Mimi nililia kumupita.

Ikabaki dozi moja. Infirmier alimungoja mutoto wa kumi mupaka mwisho wa kazi, kisha akaimwaga, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofanya. Niliitazama ikinywewa na udongo. Ni dozi kama hiyo niliyomunyima Kabwe. Surua ilimuachia uhai, ikamuchukulia jicho la kushoto.

Kuna wanaoniuliza, na imani iko wapi? Ninawauliza pia: tunaomba chakula cha kila siku, lakini nani kati yenu anayelala kinywa wazi akingoja bukari iangukie humo? Munachukua muiko, munasonga! Lakini nitawaambia ukweli, kuna swali langu ambalo halijapata jibu. Mungu aliyenizuia kwenye mulango wa Mama Kabwe, mbona hakunizuia kwenye robine? Ninamuuliza kila jioni. Hajanijibu, na sijaacha kumuomba. Jicho la Kabwe siwezi kulirudisha. Ninachoweza ni kusema uongo wangu mbele ya watu kila mahali nitakaposimamishwa, na ninamushukuru Yeye aliyenipa watu wa kuwaambia.

Mama Kabwe amekaa pale, safu ya tatu. Nilimuomba ruhusa ya kusema haya. Kama munavyoona, ana mutoto mwingine mugongoni. Juma hili anafika miezi tisa. Jana alikuja kwangu mwenyewe, hakukaa hata kwenye kiti. «Alhamisi ni chanjo,» akasema. «Weye njo utamushika.»

Nitamushika, ndugu zangu. Mutumainieni Bwana, na wenu muwalete. Chupa ni ya watoto kumi. Wetu ni wa kwanza, zimebaki nafasi tisa.