Mama Magoti Anaondoka na Jina Safi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkaguzi wetu mkuu wa vituo vya kulelea watoto wadogo anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Kwenye makaratasi ana jina lake, lakini kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkurugenzi, sote tunamwita Mama Magoti. Mimi ni dereva wake wa siku nyingi, na nimeombwa kuandika haya kwa sababu eti mimi ndiye ninayemjua zaidi.

Jina hilo alilipata kwa kazi. Wakaguzi wengine wakifika kituoni wanakaribishwa ofisini, wanakunywa chai, wanatazama kuta. Yeye alimsalimia mpishi kwanza, halafu akapiga magoti mlangoni na kuanza kutambaa. Kuna mwenye kituo mmoja, mama wa watu na marashi yake, alishtuka: "Jamani, Mama, umedondosha hereni?" Akajibiwa kutoka chini ya meza, "Sijadondosha kitu. Naangalia wanachokiona wenye nyumba." Alichokiona ni soketi iliyopasuka, usawa wa mkono wa mtoto anayejifunza kusimama. Siku hiyo chai ilipoa.

Suruali zake zote zilikuwa na viraka. Watoto walidhani kutambaa kule ni mchezo, wakampanda mgongoni, naye anaendelea kukagua. Akirudi kwenye gari ananukia maziwa na sabuni, ana makamasi ya mtu begani, anacheka. Safari zile nazikumbuka kuliko mshahara wangu wa kwanza.

Kama leo kituo hakisajiliwi bila vyoo vya kimo cha mtoto, na kama mlezi mmoja habebeshwi tena chumba kizima cha wachanga, ni yeye. Aliyapigania kwenye vikao ambamo wakubwa walikuwa wanasinzia. "Wewe mwanao ungemlaza pale?" alikuwa akiuliza, na usingizi unakatika.

Sasa nifike panaponiuma. Wazee wa ofisi wanakumbuka kuna wakati Mama Magoti alitolewa kwenye ukaguzi, akawekwa chumba cha mafaili miaka miwili. Ilisemwa anawauzia wenye vituo siri ya siku za ukaguzi. Kazi yetu roho yake ni kushtukiza, na ratiba alikuwa anaipanga peke yake. Hakuna aliyekumbuka kwamba dereva naye anaambiwa mapema, aweke mafuta.

Dada wa mke wangu alikuwa na kituo. Nikampigia: "Shemeji, kesho una wageni." Akaazima magodoro na midoli mtaa mzima. Tulipofika kila kitu kinang'aa, ila watoto wamejipanga ukutani, mikono nyuma, hakuna anayegusa mdoli. Mama Magoti akatambaa mpaka kwa binti mmoja, akamwuliza godoro lake ni lipi. Yule mtoto akamshika mkono, akampeleka nyuma ya mlango, kwenye gunia.

Kituo kikafungwa mpaka kirekebishwe. Mama Magoti mwenyewe ndiye aliyeripoti kwamba kuna mtu anavujisha, na ofisi ikamgeukia yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, nami chawa nikakaa kimya. Nilikuwa na watoto wa kusomesha, nikajiambia yatapita. Yeye anapita koridoni, watu wananong'ona, akinifikia mimi anasema, "Dereva wangu, hujambo?" Baadaye alirudishwa kwa sababu kazi iliwashinda wengine. Kumsafisha, hakuna aliyemsafisha.

Nilipopewa kuandika wasifu huu, kalamu ilinigomea. Nikaenda kwake, nikamwambia yote. Alinivutia kiti, nikatamani anitukane. Kisha akasema, "Kukusamehe nimekusamehe, mdogo wangu. Lakini nilichafuliwa hadharani. Usinisafishie uvunguni."

Basi, wenzangu, someni na muwasomee waliokwisha kuhama ofisi hii: Mama Magoti hakuuza siri, hata siku moja. Ni mimi. Mkurugenzi nimeshamwambia, na atakaloamua juu yangu nitalibeba.

Mama, ahsante kwa niaba ya wote uliotufundisha kazi, na kwa niaba ya watoto ambao hawatakujua kamwe. Tunakuombea maisha mema na marefu, na popote utakapopita, asiwepo wa kunong'ona.