Shangazi Verna Ameachiliwa, na Safari Hii Kuna Mashahidi

Bi Verna Alec, Makamu wa Rais wa kampuni yetu anayesimamia mahusiano na Mataifa ya Kwanza, alistaafu Jumamosi ya pili ya mwezi Novemba, baada ya kuitumikia Lindqvist na Barr kwa miaka thelathini na mmoja. Wasomaji wa jarida hili watasema habari hii wameshaisoma. Ni kweli. Wameisoma mara mbili, mara zote mbili niliiandika mimi, na mara zote mbili mhusika alirudi kazini kabla keki ya kumuaga haijaisha kwenye friji. Naomba radhi kwa niaba yake, maana yeye mwenyewe haombi. Safari hii amestaafu kweli, na nina mashahidi ukumbi mzima.

Bi Verna alizaliwa kaskazini mwa jimbo la British Columbia, Kanada, akalelewa na nyanya yake kwenye kibanda cha kukaushia samoni kwa moshi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea simu katika ofisi ya baraza la kijiji chao. Waasisi wetu walimpata huko. Mzee Barr alipiga simu kutoka Vancouver akitaka miadi na machifu. Mpokea simu akamwambia machifu wako mtoni, apige tena samaki wakiisha. Akapiga kesho yake. Samaki walikuwa hawajaisha. Akapiga wiki nzima, akaambulia jibu lile lile kwa sauti ile ile ya upole. Mwishowe alimwambia mwenzake kwamba mtu anayeweza kuwazuia namna hii ni afadhali awe upande wao. Ndivyo alivyoajiriwa, na tangu hapo akaendelea kutuzuia akiwa ndani.

Kwa wageni wa fani hii: kampuni inataka barabara, mgodi au nyaya za umeme zipite kwenye ardhi ya Mataifa ya Kwanza, watu waliokuwapo kabla ya kila mtu, nayo inakuja kwetu ishauriwe izungumze na nani na iseme nini. Washauri wengine humpa mteja ripoti nene yenye picha zilizopigwa kutoka angani. Bi Verna alimwambia anunue machungwa na apande gari. Mteja akirudi na kuuliza kama wamekubali, alijibiwa, "Wamekusikia." Akiuliza watakubali lini, aliulizwa kama ameshakula. Mimi nilikuwa naibu wake, na ilikuwa juu yangu kuyageuza hayo kuwa taarifa ya kila wiki kwa bodi. Jaribu wewe kuandika "wameshakula" kwenye safu ya mafanikio.

Kulikuwa na mambo mengine. Aliendesha gari la kampuni polepole hata malori ya magogo yalitupigia honi kwa huruma. Alikuwa na chupa ya mafuta ya samaki aliyoihifadhi kwenye friji ya ghorofa ya ishirini na mbili, na harufu yake ilifika kwa mawakili wa ghorofa ya ishirini na nne. Walituma mtu kulalamika. Bi Verna akamkalisha, akampakia mafuta kwenye kiazi, na yule wakili akawa anashuka kila Ijumaa na kijiko chake. Kila mtu alimwita Shangazi, kuanzia walinzi wa mlangoni hadi mawaziri wawili wa jimbo, na hakuna aliyethubutu kumkatalia kitu. Hilo la mwisho ndilo lililonizeesha.

Wakongwe hawatanisamehe nikiruka habari ya beseni. Kwenye karamu za kule kaskazini mgeni haondoki mikono mitupu. Wenyeji humpa taulo, sukari, machungwa, mara nyingi ndani ya beseni la plastiki, na akishapokea amekuwa shahidi wa yote yaliyosemwa siku hiyo. Mkurugenzi mmoja wa mgodi alirudisha lake mezani, akaeleza kwa adabu kubwa kwamba sera ya kampuni yao inakataza kupokea zawadi. Bi Verna aliondoka kwenye kiti chake, akalichukua lile beseni na kulisukuma kifuani mwa yule bwana.

"Beba, baba. Ukiliacha hapa umesema hukusikia kitu. Unataka waanze kukwambia upya tangu asubuhi?"

Akalibeba. Baadaye ilinibidi nikae na wanasheria wetu miezi kadhaa tukitunga kifungu kinachoruhusu beseni. Kimo kwenye mwongozo wa wafanyakazi hadi leo.

Sasa nieleze kwa nini mwanamke huyu tulimuaga mara tatu. Miaka tisa iliyopita tulimshauri mteja wa mbao mwenye barabara ya magogo karibu na kijiji cha Fort Harrow. Barabara ile ilivuka kijito kwa kalvati, bomba kubwa la chuma ambalo mdomo wake ulikuwa umening'inia juu ya maji, usawa wa kifua cha mtu mzima. Samoni waliopanda kwenda kutaga waliruka, wakajigonga kwenye chuma, wakaanguka. Huko juu ndiko mayai yalikotagwa tangu zamani, na ndiko kilikokuwa kibanda cha moshi cha ukoo wa Chifu Sadie Pierre. Kilikuwa hakijawashwa moto kwa miaka mingi.

Katika karamu ya kijiji, Chifu Sadie alisimama na fimbo yake akauliza nani ataliondoa bomba lile. Bosi wa mbao akaanza vizuri tu, kama tulivyomfundisha, kwamba wataangalia uwezekano. Bi Verna akamkatiza.

"Litaondolewa," alisema. "Na mimi siachi kazi hii mpaka samaki wapite."

Nilimwagikiwa na supu. Mkataba wetu haukuwa na neno hata moja juu ya kalvati. Nilimvuta sketi akae, akanipiga kofi mkononi bila kugeuka. Kisha mabeseni yakagawiwa, watu wote wakayapokea, na ikawa imesikika.

Mteja alitia saini kwamba kazi ingefanyika kiangazi kile. Bi Verna alimwamini, na magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua, na mumewe Leonard alikuwa ameshanunua mashua ya kuzeekea. Akaomba kustaafu. Tukakata keki, nikaandika wasifu wa kwanza, mzuri sana, ninao bado. Kiangazi kikapita, bomba halikuguswa, kampuni ya mbao ikauzwa kwa watu wengine. Simu ya Chifu Sadie ikaingia kwangu.

"Samaki wamepita?"

"Bado, Chifu."

"Sasa huyo anastaafu nini?"

Jumatatu iliyofuata Bi Verna alikuwa mezani kwake, na Leonard amefunika mashua turubai.

Mara ya pili ilikuwa akili ya bodi. Wamiliki wapya wa mbao hawakuwa wateja wetu, hakuna aliyetulipa kwa ajili ya bomba lile, na umri wa Bi Verna ulikuwa umefika na kupita. Ikapelekwa kijijini barua na kikapu cha maua: Bi Verna amestaafu, mambo yake yote yatashughulikiwa na Bwana Trevor Haskett. Trevor ni mtaalamu hodari na simlaumu. Alipanda hadi Fort Harrow na picha zake za kuonyesha ukutani, wakampa supu, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamshukuru. Halafu Chifu Sadie akamuuliza kama Shangazi amebaki kwenye gari. Trevor akasema amestaafu.

"Nani kamruhusu?"

Trevor aliporudi aliomba kuhamishiwa idara ya viwanja vya ndege. Tukaandika tena kwamba Bi Verna yupo, na mimi nikajifunza kile ambacho bodi ilikuwa haijakielewa, kwamba kwa watu wale neno ulilolitoa ukiwa umesimama ukumbini, unalirudisha ukiwa umesimama ukumbini. Vancouver haina mamlaka nalo.

Kuanzia hapo alikwenda ofisi za wale wamiliki wapya kila mwezi, bila miadi, akiwa na bati la mikate ya kukaanga. Alikaa mapokezi. Wasichana wa mapokezi wakampenda, wakamwekea mto wa kiti. Bodi yetu ilininunia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakaanga. Mwishowe mkurugenzi wao mpya, kijana anayeitwa Brandt, alichoka kuruka miguu ya Bi Verna kila akitoka, akakubali kupanda gari. Bi Verna alimpeleka kijitoni msimu wa samoni, akamsimamisha mbele ya mdomo wa bomba. Mimi nilikuwepo. Brandt aliwatazama samaki wakiruka.

"Wanajigonga," alisema.

"Kila mwaka, mwanangu."

Mwezi wa Julai uliofuata bomba liling'olewa, likawekwa daraja la chuma, na maji yakapita chini yake yakijitawanya yatakavyo. Nikaandika wasifu wa tatu. Nikachapisha ratiba ya sherehe ya Septemba.

Chifu Sadie akasema bado. Daraja ameliona, samaki hajamwona. Nikachapisha ratiba ya Oktoba. Bado. Mvua zilichelewa, kijito kilikuwa chembamba. Mchapishaji wetu wa mji wa Terrace, huko kaskazini, akawa ananisalimia kwa kuuliza, "Vipi, mama kagoma tena?" Nilikasirika, na sikukasirikia mvua. Nilimwambia Bi Verna waziwazi kwamba ameizeesha kampuni, ameizeesha bodi, na mumewe anapaka rangi mashua isiyoingia majini. Akanijibu nije na viatu vya mvua. Sikumwelewa, nikaenda na viatu vya ofisini.

Tulikaa ukingoni, upande wa juu wa daraja, asubuhi ya Jumamosi ile ya Novemba, siku ya karamu ya kumuaga. Yeye kwenye kiti cha kukunja kwa sababu ya magoti, mimi juu ya jiwe, soksi zimelowa. Nikamweleza kuhusu ndege ya kurudi. "Nyamaza," akasema, "wanasikia." Kisha chini ya daraja kikapita kitu chekundu, mkia umechanika, kinapiga maji kwa shida. Kikapumzika kwenye kidimbwi karibu na miguu yetu, halafu kikaondoka kwenda juu. Bi Verna alinishika mkono wa koti akaubana mpaka kifungo kikang'oka, na nilipomtazama alikuwa analia bila kujificha. Mimi pia nililia. Naandika hivyo kwa kuwa Leonard ameshawaambia watu.

Ukumbini, supu ilipokwisha, Chifu Sadie alisimama na fimbo akauliza nani amewaona samaki. Nikamgeukia Bi Verna ili asimame. Hakusimama. Mtu hajitolei ushahidi mwenyewe. Kijiji kizima kina watu wenye macho mazuri kuliko yangu, lakini shahidi alitakiwa awe mimi, na ndipo nilipoelewa kwa nini nililoweshwa soksi. Akanipiga teke chini ya meza.

"Wewe, mtoto wa kinu," Chifu akasema, maana baba yangu alifanya kazi kwenye kinu cha mbao cha Terrace na hawajasahau. "Umeona nini?"

Nilikuwa na hotuba mfukoni. Nikaiacha huko.

"Nimemwona mmoja. Amepita daraja, ameenda juu."

"Mmoja tu?"

"Mmoja, Chifu."

"Na wenzake?"

Miaka yote hii nimefundisha wateja wasiahidi kitu wakiwa wamesimama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nitarudi kuwaangalia."

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Verna alijifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, na hakuwa analia tena. Kisha wanawake wa ukoo wakamletea blanketi, wakamfunika mabegani, na Chifu Sadie akatangaza kwamba neno la Shangazi limetimia na kwamba sasa aende akapumzike. Leonard alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, kama mtu anayeogopa wasije wakabadili mawazo. Mabeseni yakagawiwa. Langu lilikuwa la kijani: taulo, sukari, machungwa. Nikalibeba hadi uwanja wa ndege, na kwenye ndege nikalipakata, kwa sababu kifungu kinaruhusu na nilikitunga mimi.

Kwa niaba ya wakurugenzi na wafanyakazi wote wa Lindqvist na Barr, na mawakili wa ghorofa ya ishirini na nne wanaouliza chupa imekwenda wapi: Shangazi, umetuchosha, na hatujui tutafanyaje bila wewe. Asante kwa kila jibu ulilokataa kututafsiria. Uishi salama na Leonard, mashua na iingie majini, moto wa kibandani kwako usizimike, na usipokee simu yetu hata ukisikia tunalia. Mimi naomba kuishia hapa. Simu yangu inaita, ni ya kutoka Fort Harrow, na wameanza kuniita Mjomba.

Harjit Sohal
Kaimu Makamu wa Rais, Mahusiano na Mataifa ya Kwanza