Jina la Wifi Yangu Kwenye Mfuko wa Kahawa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Aliye macho aitikie, na aliyesinzia jirani yake amguse, maana leo nasema mambo ya aibu na sitaki kuyasema mara mbili.

Mimi ni Esta, mke wa Danieli. Wengi mnanijua tangu tulipohamia hapa kijijini. Mnaniona nimesimama na Biblia mkononi mnadhani nilizaliwa hivi. Hapana! Mimi nilikuwa mwanamke wa kijicho. Jirani akipaka nyumba yake chokaa, mimi silali. Mtoto wa mwenzangu akifaulu, napongeza kwa mdomo tu. Na wote niliowahi kuwaonea wivu hawamfikii huyu mmoja, wifi yangu Damari, dada mkubwa wa mume wangu. Yuko pale, kiti cha pili upande wa akina mama. Usiiname, wifi. Nimekuomba ruhusa nawe umenipa.

Mambo haya ni ya miaka ile baada tu ya Uhuru, tulipokuwa bado tunakaa kule milimani, juu ya Kilosa. Damari aliachika huko Morogoro alikoolewa, akaja kwa mdogo wake Danieli. Maana yake akaja kwangu! Chumba chake na changu ukuta mmoja, jiko moja. Alikuja na cherehani na sanduku la bati. Nikamkaribisha kwa shikamoo nzuri sana, na moyoni nikamuuliza Mungu, "Huyu ataondoka lini?"

Sasa sisi watu wa mlimani tulikuwa na miti yetu michache ya kahawa nyuma ya nyumba. Na mimi, nisiseme uongo mbele ya madhabahu, nilikuwa najua kukaanga buni. Mama yangu alinifundisha: moto wa taratibu, karai lisitulie, na unaepua kabla moshi haujawa wa bluu. Nikitwanga, harufu inafika barabarani.

Damari akaonja. Kesho yake akaniambia, "Wifi, wewe kaanga, mimi nitauza." Akauza cherehani yake. Ndugu zangu, cherehani! Akanunua buni kwa akina mama wa vilima vyote vile, akanunua mifuko ya karatasi dukani Kilosa, akaagiza mhuri wa mpira Morogoro. Mhuri ulipokuja akaugonga kwenye mfuko wa kwanza akanionyesha kwa furaha: KAHAWA YA DAMARI, KILOSA.

Lo! Nilisoma mara tatu. Ya Damari? Aliyekaa motoni ni nani? Aliyetokwa na machozi ya moshi ni nani? Mikono iliyochubuka kwa mchi ni ya nani? Nikatabasamu, nikasema, "Umependeza, wifi." Nikarudi jikoni nikakitwanga kile kinu mpaka Danieli akaja kuuliza kuna nini.

Alikuwa ananilipa, tena vizuri, shilingi moja kwa kila debe nililokaanga. Lakini mtu mwenye wivu humlipi ukammaliza. Stesheni ya Kilosa abiria wanaita dirishani, "Damari! Damari!" Mikumi madereva wa malori wanashuka hotelini kwa Mzee Rajabu wanasema, "Tupe ya Damari." Kanisani mchungaji anamsifu. Hata Danieli, mume wangu mwenyewe, akinywa kikombe anasema, "Dada ana kipaji." Dada ana kipaji! Na mimi niliyeikaanga nimekaa mbele yake na masizi usoni! Mnacheka? Chekeni, lakini siku ile sikupika chakula cha jioni.

Nilikuwa nahesabu faida yake usiku na mchana. Gharama sikuzihesabu. Sikuhesabu mifuko iliyoloa mvua njiani, wala nauli ya lori, wala wenye hoteli wanaosema njoo kesho, wala miguu yake iliyovimba kwa kupanda vilima kutafuta buni. Mwenye wivu anaiona sahani ya mwenzake ikiwa imejaa tu.

Ikafika Saba Saba. Mzee Rajabu akaagiza mifuko mingi kuliko siku zote, maana watu wangejaa Mikumi kusherehekea. Damari akaniambia habari ambayo hakumwambia mtu mwingine. Akasema oda hii ikilipwa, anajenga. Miti alishaagiza na fundi alishazungumza naye. Vyumba viwili, ng'ambo ya kijito. Alisema huku ananishika mkono, "Wifi, nitakuwa na mlango wangu mwenyewe."

Hapo ndugu zangu ndipo shetani aliponivua akili kabisa. Badala ya kufurahi kwamba anahama, nikamwona yuko mlangoni kwake, na kanga mpya, na watu wanapita wanasema, ile ndiyo nyumba iliyojengwa na kahawa. Kahawa ya nani?

Nikachukua pishi mbili za mahindi. Nikayakaanga mpaka yakawa meusi kama mkaa. Nikayatwanga pamoja na buni, nikachekecha, nikampa. Damari hakuonja. Tangu tulipoanza alikuwa haonji, aliuamini mkono wangu. Akapakia, akagonga mhuri, akapeleka kwenye lori. Nami nikalala vizuri sana usiku ule. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba nililala vizuri.

Baada ya siku nne dereva akaleta salamu: "Mzee Rajabu anasema njooni mchukue uji wenu ulioungua." Damari akasimama kama aliyemwagiwa maji. Akasema anakwenda. Na mimi nikasema, "Wifi, nitakusindikiza." Mnadhani nilikwenda kumsaidia? Nilikwenda kuangalia! Nilipanda lori, tukapita kile kijiji cha Ulaya, vumbi mpaka kwenye meno, na mimi nimefurahi kama mtu anayekwenda ngomani.

Mikumi hotelini palikuwa pamejaa. Mzee Rajabu, mtu mzima, kofia kichwani, alikuwa amepanga mifuko mezani. Akamwaga mmoja mbele ya madereva. "Mama Damari, haya ni nini? Mimi nimewapa wageni wangu hiki kitu! Nani amekaanga hii kahawa?"

Nilishika ukuta. Sikuwa nimelifikiria swali hilo, jamani. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Angegeuka tu na kuninyooshea kidole, tena angekuwa amesema kweli.

Damari hakugeuka. Akauliza, "Mzee wangu, kwenye mfuko pameandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Basi niulize mimi. Nisamehe. Nairudisha yote." Akafungua pindo la kanga, akamrudishia malipo aliyokuwa ametumiwa kwa lori, mpaka senti ya mwisho, na aliyekuwa amenunua mfuko mmoja mmoja pale pale akarudishiwa chake. Zile zilikuwa ndizo fedha za nyumba. Nilizitazama zinavyotoka. Kisha tukabeba mifuko ile kichwani, yeye na mimi, tukarudi.

Sasa mtasema hapo ndipo nilipookoka. Hapana! Wivu ni mzizi, haukatiki kwa jembe moja. Tulipokuwa tunatoka nilimsikia dereva mmoja anasema, "Yule mama ni mtu wa kweli." Ndugu zangu, nikamwonea wivu hata aibu yake! Nimemharibia kahawa, bado sifa ni zake! Nikasema moyoni, jina ndilo linalomfanya hivi. Na mimi nitakuwa na jina.

Nikauza mbuzi wangu watatu bila kumwambia Danieli ni kwa kazi gani. Nikaagiza mhuri: KAHAWA YA ESTA. Na kwa kuwa sasa nilikuwa mwenye jina, nikaona kukaa motoni si hadhi yangu tena! Nikamwita jirani yangu Marita akaange kwa malipo, mimi nikawa mtu wa kuuza. Ndipo nikaonja gharama. Mifuko, wino, ushuru wa sokoni. Buni nikauziwa mbichi isiyokauka. Siku nzima stesheni Kilosa nimesimama juani, treni inakuja, abiria wanachungulia dirishani wanauliza, "Damari hayupo?"

Wiki ya pili fundi mmoja wa reli akanijia na mfuko mkononi. Kahawa ilikuwa mbichi ndani, nje imeungua. Akauliza kwa upole tu, "Mama, hii ni yako?"

Na mimi, bila hata kuvuta pumzi, nikasema, "Si mimi, baba. Kakaanga Marita huyu." Marita alikuwa nyuma yangu na kikapu kichwani. Alinitazama. Sitasahau alivyonitazama.

Yule fundi akasema, "Mimi Marita simjui. Hapa pameandikwa Esta."

Haleluya! Watu wengine Bwana huwaita kwa sauti kutoka mbinguni, mimi aliniita kwa mdomo wa fundi wa reli mwenye mikono ya grisi. Nilimwona Damari amesimama Mikumi, na mimi nyuma yake. Nikakaa chini pale pale stesheni, nikalia mbele za watu, wala sikujali. Nilipoinuka nilimwomba Marita msamaha, nikapanda mlima moja kwa moja mpaka jikoni.

Damari alikuwa anachambua buni. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Mahindi, pishi mbili, na kwamba nilikwenda Mikumi kuangalia.

Hakulia. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alisema, "Esta, ile ilikuwa nyumba yangu."

Nikasema, "Najua. Nisamehe."

Akasema, "Mimi nitajitahidi. Lakini waliokunywa si mimi. Wako Mikumi." Akaendelea kuchambua buni.

Wiki tatu hatukusemeshana zaidi ya shikamoo na marahaba. Jumapili zote tatu sikuthubutu kwenda mezani pa Bwana. Na tazameni Bwana alivyonifunga: kwa kuwa nimeiharibu nyumba yake, Damari hakuondoka! Kila asubuhi namsikia ukutani anakohoa, anaomba. Na katika maombi yake ananitaja, ndugu zangu, kwa shida, kwa kusitasita, lakini ananitaja.

Wiki ya nne nikapanda lori peke yangu. Nikaingia kwa Mzee Rajabu saa ya chakula, madereva wamejaa. Nikasema, "Shikamoo mzee. Naitwa Esta. Mahindi yaliyokuwa kwenye kahawa ya Damari niliyatia mimi, kwa wivu. Yeye hakujua. Lawama yote ni yangu." Sauti ilitoka ndogo. Dereva mmoja wa nyuma akasema hajasikia. Basi nikasema tena, kwa nguvu.

Wakacheka! Walicheka mpaka wakapiga meza. Mmoja akaita, "Karibu, Mama Mahindi!" Lakini Mzee Rajabu hakucheka. Akasema, "Mama, umemdhulumu mtu. Lakini umekuja kwa miguu yako. Mwambie Damari nataka mifuko yake kama zamani." Na mimi ndiye niliyeibeba oda ile kumpelekea. Njia nzima nililitamka jina la Damari, na ule wivu wa miaka yote sikuuona. Bwana aliutoa!

Damari akajenga, msimu mmoja baadaye. Udongo wa kuta zile niliukandika mimi kwa mikono yangu. Kisha Ujamaa ukaja, tukahamia huku bondeni, nyumba ile tukaiacha na mihuri ikawekwa sandukuni, maana sasa kahawa ni ya kijiji. Lakini anao mlango wake hapa, mnaujua, unatazamana na wangu.

Nisiwadanganye, wivu bado unapiga hodi. Juzi tu mlipomchagua kuwa mwenyekiti wa akina mama, mkampigia vigelegele, nilihisi kitu kinapanda. Nikamfuata pale pale nikamnong'oneza, "Wifi, nakuonea wivu." Akanijibu, "Ngoja nishuke jukwaani uniambie vizuri." Tukacheka, kikatoka.

Namshukuru Yesu, ndugu zangu, na wewe wifi nakushukuru mbele ya watu wote. Na wewe unayenisikiliza, ambaye jina la mwenzako likitajwa hulali, usingoje mpaka uharibu nyumba ya mtu. Mwendee leo, mwambie leo, na Bwana atakuwa pale katikati yenu. Ukitaka kujua kama nasema kweli, shuka Mikumi uulize. Ukimtaja Esta hawamjui. Muulizie Mama Mahindi, nami popote nitakapoitwa hivyo naitika, "Abee!"