Mama Chokaa na Nyumba ya Kona ya Pili

Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Chokaa atakabidhi funguo za uwanja wetu wa michezo baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Jina lake la kwenye faili analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine tumemwita hivyo tangu zamani kwa sababu ya viatu vyake, ambavyo havijawahi kumaliza wiki bila kugeuka vyeupe.

Aliajiriwa kufagia majukwaa. Mwaka wa pili, mchora mistari aliugua siku mbili kabla ya mashindano ya shule, naye akachukua ndoo ya chokaa, kamba na vigingi, akachora eneo la kurushia mkuki bila kutumwa na mtu. Mwalimu mmoja wa michezo alilipima mara tatu akitafuta kosa, akaishia kuomba maji ya kunywa. Tangu hapo Mama hakurudi kwenye ufagio. Amefundisha wachora mistari kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyesahau ukali wake. Kamba ikilegea kidogo tu, alisema mstari umelewa, ufutwe.

Aliishi na mumewe, fundi cherehani, na binti zao wawili katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya jukwaa la mashariki: vyumba viwili, jiko, na kamba ya kuanikia nguo. Hapo ndipo habari hii inaponihusu mimi, na sitaikwepa.

Miaka tisa iliyopita tuliomba kuandaa mashindano makubwa ya kimataifa ya riadha. Masharti yalitaka kiwanja cha pili, cha wanariadha kupasha misuli moto, jirani kabisa na uwanja mkuu. Eneo la kutosha lilikuwa moja tu, na nyumba ile ilikaa pale pale ambapo kona ya pili ya njia za mbio ingepita. Kumwambia mama wa watu ahame, hakuna aliyethubutu. Kila bosi alimsukumia mwenzake. Mwisho mimi, mchoraji wa ramani za ombi letu, nikapitisha njia sita juu ya paa lake, na penye nyumba nikaandika "stoo". Nilijiambia tutamweleza tukishinda.

Wakaguzi wakaja siku ya kufua. Walitembea na ramani yangu mkononi wakihesabu hatua, wakafika kwenye kona na kukuta mashuka manne yanapepea. Mama Chokaa, asiyejua lolote, aliwatolea viti na kuwaomba radhi kwa maji yaliyomwagika. Walikuwa waungwana, wakakaa. Lakini ripoti yao ilisema ramani yetu haiaminiki, na mashindano yakaenda kwa wengine.

Ripoti ilibandikwa ubaoni. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaja ofisini kwangu. Nilitarajia kutukanwa, na nilistahili. Aliniuliza tu kwa nini sikumwuliza.

Nafasi ya kuomba tena ilipopatikana, miaka minne iliyopita, mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulishakubaliana kimyakimya kwamba mama huyu asiguswe. Tungeomba mashindano madogo na yaishe. Siku ya kikao aliingia bila kuitwa, ndoo mkononi, akatutoa nje sote, mkurugenzi akiwa bado na kikombe chake cha chai, akatuongoza hadi kwake. Alikuwa ameshachora. Mstari mweupe ulitoka kwenye nyasi, ukapanda kizingiti, ukakatiza jikoni kati ya meko na kabati la vyombo, ukaendelea nje upande wa pili. Haukuwa umelewa hata kidogo.

Akatuambia kona ni ile, na safari hii tuandike ukweli: hapa ni nyumba, na mwenyewe amekubali kuhama. Alisema ameishi humo miaka ishirini na minne, na kwamba mumewe alitamani sana kuyaona mashindano yale. Kisha akalia. Sisi wanaume wazima tukabaki kutazama viatu vyetu.

Mmoja wa wakaguzi wale wa kwanza alirudi, akauliza mashuka yako wapi. Alicheka, akapima, na kila mita ikawa kweli. Tulishinda.

Mashindano ni Agosti mwakani, naye atakuwa raia wa kawaida. Uongozi ulimtengea kiti cha wageni wa heshima. Amekikataa, anataka cha juu kabisa kwenye jukwaa la mashariki, ambako akigeuka nyuma anaiona kona ya pili. Amepewa. Ramani itakayobandikwa kwenye kiwanja kile nimeichora mimi, na kwenye kona hiyo nimeandika kwamba hapa palikuwa na nyumba ya Mama Chokaa. Safari hii nilimwuliza kwanza. Aliisoma taratibu, akanipokonya kalamu, akaongeza kwa mkono wake: na mumewe.

Asante, Mama, kwa mistari yote, na zaidi kwa ule wa jikoni. Pumzika vizuri kwa binti yako mkubwa, afya ikutunze, na Agosti tukuone kwenye kona yenu.