Mwendo wa Mama: Kumuaga Twiga wa Dirisha la Kwanza

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, mwenzetu wa dirisha la kwanza anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Taarifa za Wageni kwa miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na tano. Aliripoti kazini Jumatatu, tarehe 2 Mei 1994. Siku hiyo aligonga kichwa kwenye kibao cha mlangoni, na kabla ya saa ya chai alikwisha kuitwa Twiga. Jina alilikubali bila kinyongo. Kibao ndicho kilichopandishwa.

Wengi wetu tukiulizwa njia hujibu tu. Twiga alikuwa na swali lake la ziada. Mgeni akirudi dirishani kuaga, alimuuliza alipotelea wapi, kisha akaandika. Mwaka 1997 aligundua kwamba wageni tisa waliotafuta jumba la makumbusho waliishia kwa dobi yuleyule. Jambo hilo lilimkosesha raha. Siku tatu mfululizo alikwenda kusimama kwenye ile kona saa ya chakula cha mchana, hadi akaona kwamba mwavuli wa muuza magazeti ulikuwa unafunika kibao cha barabara. Hakumwambia auhamishe. Aliandika kwenye Kijitabu cha Mgeni kwamba ukiuona mwavuli wa mistari, kona yako iko nyuma yake. Muuza magazeti alivimba kichwa. Dobi alipomwomba asogee kidogo, alijibu, “Nikisogea mimi, mji mzima utapotea.”

Kijitabu hicho ndicho kazi yake kubwa. Alikiandika upya mara kumi na nne: mabomba yenye maji ya kunywa, mabasi yasiyosimama mpaka upunge mkono, vyoo vya umma vyenye ndoano ya kutundikia begi. Mkuu wa ofisi wa wakati ule aliifuta habari ya ndoano akisema ni upuuzi. Twiga aliirudisha, akamwomba mkuu aende chooni na mabegi mawili, kisha wazungumze.

Lakini kosa lake kubwa nalo lilikuwa ndani ya kijitabu hichohicho, na mwenyewe ameniomba nisilifiche. Nalinukuu kutoka kwenye kumbukumbu zangu za Jumanne, tarehe 14 Aprili 2009.

Saa mbili na robo asubuhi alifika dirishani mama mmoja kutoka nchi ya nje, ameshuka treni ya usiku. Mwanawe wa pekee alikuwa amelazwa katika hospitali ya ng’ambo ya reli, na saa tatu angeingizwa chumba cha upasuaji wa moyo. Mama alitaka kumshika mkono kabla hajaingia. Twiga alifungua ukurasa: kutoka kituoni hadi hospitali, dakika kumi na mbili. Akamwambia, “Usiwe na wasiwasi, mama. Muda upo, hata chai utakunywa.” Mama akanywa chai.

Saa tatu kasoro dakika tano simu ililia. Alikuwa muuguzi, akisema kijana anamuulizia mama yake. Twiga hakusubiri kuaga. Alimkuta mama kwenye daraja la waenda kwa miguu, ngazi ya kumi na tano kati ya arobaini na nne, ameshika chuma kwa mikono miwili, begi limebaki chini. Ngazi hizo hazikuwa kijitabuni. Twiga alizipanda mbili mbili kila siku na hakuwahi kuziona kama kitu cha kuandikwa. Dakika zile kumi na mbili zilikuwa za miguu yake.

Walifika saa tatu na dakika kumi. Kijana alikwisha kuingizwa. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu, “Una miguu mirefu, mwanangu,” akakaa kwenye benchi. Twiga naye akakaa, mpaka saa nane mchana daktari alipotoka na kusema kijana yuko salama.

Mama alibaki hapa wiki tatu akimuuguza mwanawe. Kila jioni Twiga alimwomba watembee pamoja, yeye akiburuta begi zito, mama akisema hapa nimechoka, hapa pangefaa kukaa. Ndipo kijitabu kilipopata safu mpya iitwayo Mwendo wa Mama. Nakala elfu tatu zilikwisha kuchapwa bila safu hiyo, na mkuu alinung’unika kwamba wageni vijana watacheleweshwa. Twiga alimjibu, “Bosi, aliyefika mapema hajawahi kuja kulalamika hapa.” Sote tulikaa siku kumi na moja tukisahihisha kwa kalamu. Tangu hapo hakuna njia tunayoiandika bila kuipitia na begi.

Jambo la ajabu ni kwamba mtu huyu hajawahi hata mara moja kuwa mgeni katika mji wa nje. Mkewe, fundi cherehani, humtania kwamba anajua kupokea tu. Alhamisi ijayo, tarehe 3 Julai, wote wawili wanapanda treni kwenda kwa mama yule, ambaye sasa ana miaka themanini na moja. Mwanawe amewaandikia maelekezo ya ukurasa mzima, na Twiga alitusomea jana kwenye chai. Mstari wa mwisho ulimshinda, akanipa mimi niumalizie: “Kutoka kituoni hadi nyumbani, kwa miguu yako dakika sita. Kwa mwendo wa mama, ishirini na tano. Hesabu ishirini na tano, kwa sababu anakuja mwenyewe kukupokea, na amesema safari hii mtatembea pamoja.”

Asante, Twiga, kwa kila hatua uliyoipiga kwa niaba ya watu usiowajua. Safari njema kwako na kwa shemeji yetu, na Mungu akujalie ustaafu wa afya, raha na miaka mingi.