Bi Nani Kasema Anakabidhi Meza ya Marejeo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba yetu, mkutubi wa meza ya marejeo anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake limo kwenye faili za utumishi. Sisi tunamwita Bi Nani Kasema, naye anaitika.

Alianza kwa kurudisha vitabu rafuni, akapanda hadi kusimamia sehemu ya dini na historia. Mimi nilimkuta keshaota mizizi. Siku yangu ya kwanza nilimsimulia habari niliyoisikia redioni, akaniuliza nani kasema, kasikia kwa nani, na anafaidika nini nikiamini. Nami nilikuwa nimekuja kuazima kalamu tu.

Ulipozuka uvumi kwamba tunahamishiwa jengo jipya, wenzangu walifunga makabati, na mimi nikaliaga dirisha langu. Yeye aliufuata uvumi mtu kwa mtu, kwa mhasibu, kwa dereva, hadi kwa mlinzi wa lango. Mlinzi akakiri kwamba aliota.

Lakini kazi tutakayoisimulia zaidi ni ya fundi cherehani na mkwewe. Hao wawili walikuwa hawasemezani kwa sababu ya neno moja: jihadi. Kijana, mwenye duka la simu, alikuwa ametazama video fupi akashikilia kwamba jihadi ni vita, basi. Mzee alikuwa na hadithi inayonasibishwa na Mtume, aliyoipenda tangu utotoni, kwamba vita vya silaha ndiyo jihadi ndogo, na jihadi kubwa ni kupambana na nafsi. Kijana akamwita mzee wa kanda za kale. Mzee akamwita sheikh wa bando, kisha akaapa hakanyagi tena nyumba ya mkwewe. Binti yake, mjamzito wa mimba ya kwanza, akabaki katikati kama kitambaa chini ya sindano. Alikuja kwetu kuomba kitabu kimoja tu cha kumaliza ubishi, mtoto asije akazaliwa hana babu.

Bi alimjibu kwamba kitabu hicho hakijaandikwa, akawaita wanaume wote wawili. Walikuja shingo upande, kila mmoja akakaa ncha yake ya meza. Sharti lilikuwa moja: kila mtu akague chanzo chake mwenyewe, cha mwenzake asikiguse. Nyani haoni kundule, alisema, na leo ataliona. Sisi wengine tulipitapita pale na vitabu tusivyovihitaji.

Kijana aliifuata aya ya kwenye video hadi katika Msahafu, akakuta imekatwa katikati. Amri ya kupigana na wanaokupiga ilibaki. Katazo la kuvuka mipaka liliachwa nje. Mzee alikuwa ameshaanza kutabasamu alipofungua vitabu vya wahakiki wa hadithi, akakuta wengi wao wanaihesabu hadithi yake kuwa dhaifu. Tabasamu likakunjwa kama suruali ya mteja.

Bi hakuwaacha hapo. Alimwonyesha mzee hadithi nyingine, fupi, yenye sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, iliyoshika zaidi, inayomwita mpiganaji yule anayepambana na nafsi yake. Kijana akapewa vitabu vya sheria ya Kiislamu, pamoja na onyo kwamba kwanza aangalie viliandikwa zama zipi, na kati ya vita gani. Magazeti nayo? Yasikilizwe yakieleza nani kafyatua risasi jana, alisema, si yakieleza dini inaamuru nini.

Hakuna aliyeshinda. Waliondoka bado wanabishana, ila mvua ilikuwa inanyesha, na kijana ndiye aliyemshikia baba mkwe mwavuli.

Mtoto alipozaliwa tulipeleka zawadi, na mimi, kwa mwili wangu huu mkubwa, nikachaguliwa kuibeba. Tulimkuta babu sebuleni kwa mkwewe, amempakata mjukuu, hataki kumwachia mtu. Ubishi mpya ulikuwa umeshaanza: pua ya mtoto ni ya ukoo upi? Bi akaombwa aamue. Akazitazama pua zote tatu, akasema chanzo chenyewe bado hakijaanza kuongea, kwa hiyo wavumilie.

Familia hiyo itakuwepo siku ya kukuaga, Bi, babu na mkwe kwenye meza moja. Mtoto sasa anatambaa, na tumeviondoa vitabu vyote vya rafu za chini. Asante kwa yote. Upate afya, usingizi mnono wa mchana, na watu wa kubishana nao kwa upendo hadi uzeeni.