Dada Yetu, Msoma Mita na Mchoraji

Ndugu, jamaa, marafiki na majirani, nasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu, kuwasomea historia ya dada yetu, na niseme mapema kwamba karatasi niliyokabidhiwa na kikao cha familia ina neno moja lililokatwa kwa kalamu nyekundu, neno lenyewe ni mchoraji, kwa maelezo kwamba hakuwahi kuuza hata picha moja, nami nitalisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alipata alama ya juu katika hesabu, na kuchora hakukufundishwa kabisa.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na idara ya maji kama msoma mita, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na tisa, akiingia ua baada ya ua na daftari lake na tochi, na ni katika kuripoti bomba lililopasuka ndipo alipokutana na shemeji yetu, fundi bomba, wakafunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1984 na wa kike mwaka 1987.

Mwaka 1998 binti yake alipewa kazi ya nyumbani ya kuchora birika, mama akamchorea, mwalimu akatoa nne kwa kumi, dada akanuna wiki nzima, kisha akanunua penseli zake mwenyewe na kulirudia birika lile mpaka likakubali kusimama wima. Kutoka kwenye birika akaingia kwenye nyuso, kutoka penseli akaingia kwenye rangi, akaanza kuwagawia majirani sura zao, hadi siku moja ya mwaka 2001, alipoingia ua wa jirani mmoja kusoma mita, akakuta zawadi yake imeziba tundu kwenye banda la kuku. Aliacha kuchora miaka minne, rangi zikakaukia kwenye makopo, na sisi wa nyumbani tuliposimuliwa tulicheka, mimi nilishika mbavu kabisa, nalisema leo mbele yenu kwa aibu.

Mwaka 2005 aliiomba ile picha, akaipangusa, akaitundika sebuleni juu ya televisheni, akisema pua ile ni mbaya kweli na hataki kuisahau. Kuanzia Januari 2006 hadi Januari 2022 alimchora jirani yule yule kila mwaka, picha kumi na saba, ya kwanza kama sanamu ya udongo, ya mwisho jirani mwenyewe, na midomo anavyoibana akitaka kukataa jambo. Hata hivyo akiulizwa alijibu kwamba anachezea rangi tu, na hapo dada alikosea.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara tatu, akachora mikono ya mgonjwa wa kitanda jirani hadi daktari alipomkataza kukaa wima, akafariki Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na picha mia mbili na kumi na moja. Kikao kilipendekeza picha hizo zipelekwe stoo, lakini ufunguo wa chumba zilimo ninao mimi, na hakuna itakayotoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotuletea viti na maji, na wasoma mita wenzake waliomsindikiza wakiwa na sare zao. Pumzika, dada yangu, umechoka kihalali, ulikuwa mke, mama, msoma mita na mchoraji, na asiyekubali anajua ninapokaa.